Kupima damu, kupima choo au kuingiza kamera: tumbo la mtu asiye na kingamwili

Mama alifungua faili juu ya kaunta, akazipanga karatasi moja moja kama mtu anayepanga vitenge sokoni. Zilitoka maabara nne tofauti. "Dokta, vipimo vyote safi," aliniambia, "lakini mtoto anaisha." Mtoto alisimama pembeni yake, miaka sita, mkanda wa kaptula umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Kuharisha kulikuwa kumeingia mwezi wa tano. Kabla ya hapo masikio yalikuwa yakitoa usaha tangu hajatimiza mwaka, na nimonia ilishamlaza mara tatu.

Nikasoma. Widal: hasi, mara tatu. Bakteria wa vidonda vya tumbo, kwa damu: hasi. VVU: hasi, mara mbili. Kipimo cha damu cha kuangalia kama utumbo unaikataa ngano, kile cha gharama: hasi. Ya choo ilikuwa moja tu, imeandikwa "hakuna kilichoonekana".

Karatasi iliyonisimamisha ilikuwa ya mwisho, ya ini, ambayo hakuna aliyeitazama mara ya pili kwa sababu ini lilikuwa zima. Protini zote kwa jumla 52, albumini 40. Toa 40 kwenye 52, unabaki na 12. Hiyo 12 ndiyo globulini, na sehemu kubwa ya globulini ni kingamwili. Kwa kawaida hubaki kati ya gramu 20 na 35 kwa lita, na kwa watoto wetu, wanaopambana na malaria na minyoo kila msimu, mara nyingi huwa juu. Nilimpigia daktari wake. Akaagiza IgG, IgA na IgM, aina tatu kuu za kingamwili. Zilikuwa karibu na sufuri zote tatu.

Mimi ni mtu wa maabara. Dawa na dozi ni za daktari, sitazigusa hapa. Lakini kuchagua kipimo ni jambo ninaloliona likikosewa kila wiki kwa pesa za watu, na kwa wagonjwa wa namna hii kosa huwa ni lile lile. Ndiyo maana naandika.

Swali la kuuliza kabla ya kutoa pesa

Kipimo cha maambukizi hutafuta kimoja kati ya vitu viwili. Kuna kinachomtafuta mdudu mwenyewe, au kipande chake, au vinasaba vyake. Na kuna kinachotafuta jibu la mwili kwa mdudu huyo, yaani kingamwili.

Chukua vipimo viwili ambavyo karibu kila mtu huku kwetu amewahi kufanyiwa. Kile cha haraka cha malaria, tone la damu kwenye kidole, kinatafuta protini inayotolewa na kimelea cha malaria. Kimelea kikiwepo cha kutosha, kwa kawaida mstari unatokea, iwe mwili umejibu au haukujibu. Widal ni kinyume chake. Tangu Fernand Widal alipokieleza mwaka 1896, kinachopimwa ni kama seramu ya mgonjwa ina kingamwili za kugandisha bakteria wa homa ya matumbo. Bakteria anaweza kuwa amejaa kwenye damu, lakini kama mwili hautengenezi kingamwili, hakuna kitakachoganda.

Vyote viwili ni "vipimo vya damu". Kwa hiyo ukiambiwa "tunampima damu", hujaambiwa kitu bado. Uliza: kinamtafuta mdudu, au kinatafuta kingamwili? Kwa mtu ambaye mwili wake umezaliwa bila uwezo wa kuzitengeneza, jibu la swali hilo linatosha kukuonyesha pesa inakwenda wapi.

Watu tunaowazungumzia

Si ugonjwa mmoja. Mwaka 1952 daktari wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, alieleza habari za mvulana wa miaka minane aliyekuwa akiugua maambukizi makali kila mara na ambaye damu yake haikuwa na gamaglobulini kabisa. Leo tunajua kwamba kwa ugonjwa wa Bruton jeni moja kwenye kromosomu X ina hitilafu, ile iliyotambuliwa mwaka 1993 na kuitwa BTK, na kwamba wanaougua karibu wote ni wavulana. Huanza kuugua baada ya miezi sita hivi, kingamwili walizopewa na mama zikiisha. Yule mtoto wa kaptula alikuwa wa kundi hili.

Kundi jingine madaktari huliandika CVID. Hawa wengi hugundulika wakiwa vijana au watu wazima, IgG iko chini pamoja na IgA au IgM, na chanjo haziwashiki vizuri. Ndio wenye matatizo mengi zaidi ya tumbo: kuharisha kusikoisha, kukonda, upungufu wa vitamini B12, utumbo kuvimba.

Wapo wanaokosa IgA peke yake, wengi wao wazima kabisa na hawajui. Na wapo wavulana ambao IgM yao iko kawaida au juu huku IgG na IgA hazipo. Hao kriptosporidia, kimelea kidogo sana cha kuharisha, huwaandama hadi kwenye mirija ya nyongo na kuliharibu ini.

Kwa nini tumbo? Kwa sababu ukuta wa utumbo ndio kiwanda kikubwa cha kingamwili mwilini. Kila siku mwili hutengeneza IgA nyingi kuliko aina nyingine zote zikijumlishwa, na sehemu kubwa hutolewa pale pale utumboni, ikazuia vimelea visishike. Ikikosekana, giadia, kimelea cha utumbo ambaye kwa jirani anakaa wiki mbili anaweza kukaa mwaka.

Kingamwili kwenye damu: vipimo vinne vinavyodanganya

Nianze na vile vinavyopoteza pesa nyingi.

Widal nimeshaieleza. Hata kwa mtu mwenye kinga nzima ni kipimo dhaifu, maana jibu la TO 1/160, yaani kingamwili bado zinagandisha hata seramu ikichanganywa na maji hadi sehemu moja kwa 160, linaweza kuwa kumbukumbu ya ugonjwa wa zamani. Kwa asiye na kingamwili haina kazi hata moja. Mbadala wake ni kuotesha damu, kalcha, kabla ya antibayotiki yoyote. Ni ghali zaidi na majibu huchukua siku, lakini kinachoota ni bakteria mwenyewe.

H. pylori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo, kwa damu ni hivyo hivyo, na bahati nzuri mbadala wake ni rahisi: kipimo cha choo cha antijeni (kipande cha mdudu mwenyewe), au cha pumzi pale kinapopatikana. Huyu bakteria usimpuuze. Utafiti wa Denmark na Sweden uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta wagonjwa wa CVID wanapata saratani ya tumbo karibu mara 10 kuliko watu wengine, na H. pylori ni mmoja wa washukiwa wakuu. Ila mgonjwa aache omeprazo wiki mbili na antibayotiki wiki nne kabla ya kipimo, la sivyo bakteria atajificha na karatasi itasema hasi.

VVU. Hapa watu hushtuka, kwa hiyo niseme taratibu. Vipimo vya haraka vya VVU tunavyotumia vituoni hutegemea kingamwili. Kwa mtu mwenye kinga ya kawaida ni vipimo vizuri sana, na visibezwe. Kwa asiyetengeneza kingamwili, hasi yake haitoshi, na kipimo kinachohitajika ni cha virusi vyenyewe. Mashine ipo, tena ni ile ile ya watoto wachanga. Mtoto wa mama mwenye VVU hapimwi kwa kipimo cha kawaida kabla ya miezi 18 kwa sababu amebeba kingamwili za mama, kwa hiyo tunachukua matone ya damu kwenye karatasi ngumu na kutafuta vinasaba vya kirusi. Kwa kichanga kingamwili za mtu mwingine zinatuchanganya, kwa huyu za kwake hazipo, na njia ya kutokea kwenye mkanganyiko ni moja.

Cha nne ni siliaki, ugonjwa wa utumbo kukataa ngano. Kipimo cha kawaida hutafuta kingamwili ya aina ya IgA. Anayekosa IgA pekee apimwe ile ya aina ya IgG, na hapo majibu yanaweza kuaminika. Kwa CVID hata ya IgG haiaminiki. Kuna kipimo cha jeni, HLA-DQ2 na DQ8, ambacho msaada wake ni wa upande mmoja: mtu akizikosa zote mbili, siliaki karibu unaifuta kabisa. Akiwa nazo hujajua kitu, watu wengi wazima wanazo. Kinachobaki ni kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya utumbo, nitakifikia.

Nikiwa na mtu wa CVID anayeharisha na ambaye bado hajapima choo vya kutosha, siwezi kumshauri atoe pesa kwenye kimoja kati ya hivi vinne vya kingamwili. Atapewa karatasi ya kumtuliza tu.

Kabla ya dripu na baada ya dripu

Mambo hugeuka siku mgonjwa anapoanza kuwekewa immunoglobulini, kwa mshipa kila wiki tatu au nne, au chini ya ngozi mara kwa mara zaidi. Dawa hiyo hutolewa kwenye damu ya maelfu ya wachangiaji, na ndani yake mna kingamwili za kila walichowahi kuugua au kuchanjwa. Kabla ya dripu kipimo cha kingamwili kwa kawaida kilikuwa hasi. Baada ya dripu kinaweza kuwa chanya kwa mambo ambayo mgonjwa hajawahi kuyaugua. Kingamwili ya kiini cha homa ya ini B ni mfano unaojulikana: mtu anaondoka kliniki akiamini ana ugonjwa wa ini, kumbe ni kumbukumbu ya mchangiaji wa nchi nyingine. Kinachotafuta ganda la kirusi lenyewe, HBsAg, hakichanganywi hivyo. Hicho ndicho cha kuangalia.

Kwa sababu IgG ya dripu hupungua nusu katika wiki tatu hivi, mkanganyiko huu hudumu miezi hata matibabu yakisitishwa. Kama mwanao bado hajaanza, mwombe daktari damu kidogo itolewe na kuhifadhiwa kabla ya chupa ya kwanza. Ni jambo dogo, na halirudiki.

Na niliseme hili wazi: dripu inaokoa mapafu na masikio, lakini tumbo mara nyingi linaendelea kusumbua. Ndani ya chupa mna IgG karibu tupu. IgA ya ukuta wa utumbo haipo humo, na hata ingekuwapo isingefika upande wa ndani wa utumbo kwa njia ya mshipa. Familia inayojinyima kununua dawa hiyo iambiwe ukweli huu mapema, wasije wakadhani imefeli.

Kuna hesabu nyingine ndogo inayosaidia hapa. IgG ikiwa chini, mwili unaweza kuwa hautengenezi, au unatengeneza na utumbo unavujisha. Tazama albumini. Utumbo unaovuja hupoteza vyote, kwa hiyo albumini nayo inashuka na miguu inaweza kuvimba. Albumini ikiwa 40 huku globulini ni 12, kama kwa yule mtoto, kiwanda ndicho kilichosimama. Na kwa anayejulikana tayari kuwa na CVID, akipewa dozi ile ile na IgG yake ikaanza kushuka bila sababu, pamoja na albumini, utumbo umeanza kuvuja na kamera isicheleweshwe.

Choo: hadubini, antijeni, kuotesha na PCR

Hapa ndipo pesa ya kwanza inapotakiwa kwenda, na hapa ndipo sisi wa maabara tunapoharakisha mno.

Hadubini ndiyo ya bei nafuu kuliko vyote na ipo hadi kwenye vituo vya afya. Nguvu yake yote iko kwenye muda. Giadia hai kwenye choo cha maji inatakiwa ionekane ndani ya nusu saa. Ukiiwahi, hutaisahau: umbo la peari, viini viwili kama macho, inakutazama, halafu inayumba kushoto na kulia kama jani linalodondoka. Ukichelewa saa mbili imekufa, imesinyaa, na mwenye haraka ataandika "hakuna kilichoonekana". Isitoshe, giadia haitoki kila siku. Kikopo kimoja ni bahati nasibu. Lete vitatu, vya siku tofauti, cha kila siku kikiwa kipya. Nimewaona wazazi wakigawa choo cha asubuhi moja kwenye vikopo vitatu kwa sababu hakuna aliyewaeleza.

Udhaifu wa pili wa hadubini ni kwamba haioni usichomwomba aone. Kriptosporidia ni kidogo kuliko chembe nyekundu ya damu na kwenye maji ya chumvi ya kawaida hupita kama chembe ya hamira. Inahitaji rangi maalumu, ndugu wa ile tunayotumia kwa makohozi ya kifua kikuu, na hapo inang'aa nyekundu kwenye uwanja wa kijani au buluu. Karibu kila maabara ya wilaya ina vifaa hivyo kwa sababu ya TB. Haifanyi kwa choo kwa sababu karatasi ya maombi haikutaja.

Kipimo cha antijeni cha giadia na kriptosporidia, kile cha kitepe, hakihitaji mdudu awe hai wala jicho la mzoefu. Nikiulizwa kati ya hadubini ya mtu mwenye haraka na kitepe, nachagua kitepe. Kati ya kitepe na hadubini ya mtu makini mwenye vikopo vitatu vipya, nachagua hadubini, kwa sababu mtu makini anaona na vingine: amiba, isospora, mayai ya minyoo, chembe nyeupe. Mwenye uwezo afanye vyote viwili.

Kuotesha choo kunafaa kwa salmonela na shigela, ambazo maabara nyingi huziwinda. Kwa wavulana wa Bruton kuna mwingine wa kumwuliza kwa jina: kampilobakta. Huwarudia mara kwa mara na anaweza kuingia kwenye damu. Haoti kwenye joto na hewa ya kawaida ya maabara. Anataka oksijeni kidogo na joto la nyuzi 42 hivi. Uliza kabla ya kulipa: "Kampilobakta mnaotesha?" Wakisema hapana, afadhali ujue.

PCR ya choo, kipimo kinachotafuta vinasaba vya mdudu, inapatikana kwenye maabara chache za miji mikubwa, na bei yake inauma. Inakamata vingi kwa mara moja, na ina kimoja ambacho hadubini haiwezi kabisa: virusi vya noro. Kwa mtu wa kawaida ni siku tatu za kutapika na kuharisha. Kwa wenye CVID virusi hivi vimepatikana vikikaa utumboni miezi hata miaka, vikiusawazisha ukuta wake hadi unafanana na wa siliaki. Tatizo la PCR kwetu ni kwamba inaona kupita kiasi. Watoto wengi wazima wa ukanda huu hubeba vimelea bila kuugua, na vinasaba vya mdudu aliyekufa bado vinasomeka. PCR ikikupa majina manne, daktari ndiye wa kuamua yupi anayeumiza.

Kuna jambo la choo lisilohusu kuharisha ila siwezi kuliruka. Mtoto mwenye ugonjwa wa Bruton asipewe matone ya polio ya mdomoni. Kirusi cha chanjo kilicho hai kinaweza kuishi utumboni mwake muda mrefu, kikatoka kwenye choo, na kwa wachache kikaleta ulemavu. Ipo ya sindano isiyo na kirusi hai. Mwenye mtoto wa namna hii amwambie mhudumu hata kampeni ya nyumba kwa nyumba inapogonga hodi, na aulize pia kuhusu ndugu wanaoishi naye.

Kamera na kinyama

Mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni ni wa hospitali za rufaa, una gharama, una njaa ya usiku mzima na una hofu. Siuhimizi haraka. Vikopo vitatu vya choo vikiwa vimefanyika vizuri na bado mtu anakonda, hapo kamera haina mbadala, kwa sababu inaleta kitu ambacho hakuna kingine kinacholeta: nyama yenyewe ya utumbo.

Kinyama kinatenganisha mambo yanayofanana kwa nje. Vinyweleo vya utumbo vikiwa vimesawazika, inaweza kuwa siliaki, giadia, noro, au utumbo wa CVID wenyewe. Msomaji wa kinyama anaanza kwa kutafuta chembe za plazma, ambazo ndizo watengenezaji wa kingamwili. Kwa siliaki zimejaa. Kwa wengi wenye CVID hazipo au ni za kutafuta kwa tochi. Tofauti hiyo inamwokoa mtu asiambiwe aache chapati, maandazi na mkate maisha yake yote bila faida, maana utumbo wa CVID mara nyingi haupati nafuu kwa kuacha ngano. Wakati huo huo giadia waliong'ang'ania ukutani huonekana hapo hata choo kilipokuwa safi, na tumboni H. pylori anaonekana pia, pamoja na mabadiliko yanayotangulia saratani.

Lakini msomaji anatafuta anachoambiwa. Kinyama kikifika kimeandikwa tu "kuharisha kwa muda mrefu", kitasomwa kama cha mtu yeyote.

Kwa mtu mzima mwenye damu kwenye choo, au maumivu ya chini ya tumbo, kamera ya kupitia haja kubwa ndiyo itangulie. Kabla yake kipimo cha choo cha kalprotektini kinaweza kuonyesha kama utumbo umevimba kweli, na kuwaepusha wengine safari.

Na kumeza dawa bila kupima?

Najua ndivyo wengi wanavyofanya, na siwalaumu. Metronidazoli, ile tunayoiita Flagyl hata ikiwa ya kampuni nyingine, ni nafuu kuliko nauli ya kwenda kupima. Giadia hutibiwa nayo, na daktari anaweza kuamua kuijaribisha kwa mtu anayezidi kudhoofu huku maabara iko mbali. Nakubali.

Ninachopinga ni kuimeza kabla ya kutoa choo. Vidonge viwili vya jana usiku vinatosha kuniharibia kikopo cha leo. Halafu kuna mtego: kwa wagonjwa hawa bakteria wa kawaida mara nyingi hujazana kwenye utumbo mwembamba, na metronidazoli huwapunguza hao pia. Mtu anapata nafuu wiki mbili, anaandika moyoni "ilikuwa giadia", kuharisha kunarudi, anameza tena. Mzunguko wa nne au wa tano hajui alikuwa anatibu nini, na giadia kama yupo anaweza kuwa amejifunza kuistahimili. Toa choo kwanza, hata kama dawa utaanza jioni ile ile.

Ningekuwa na pesa ya kimoja tu

Kwa mtoto wa Bruton anayeharisha: choo, vikopo vitatu, hadubini, na rangi ya kriptosporidia. Akiwa na homa, kalcha ya damu inatangulia hayo yote. Kwa yule mvulana wa IgM ya juu, kitepe cha kriptosporidia kabla ya kingine chochote, na maji ya nyumbani yachemshwe, kwa sababu klorini ya vidonge haimwui huyo. Kwa mtu mzima wa CVID, choo na antijeni ya H. pylori, na akiendelea kukonda akusanye nguvu za kamera badala ya kurudia vipimo vya damu. Kwa anayekosa IgA tu, kipimo cha siliaki cha aina ya IgG kina maana, na akiharisha choo chake kitazamwe kama cha wengine.

Popote anapokwenda, karatasi ya maombi iandikwe juu kabisa, kwa herufi za kusomeka: "Ana upungufu wa kingamwili wa kuzaliwa. Majibu ya kingamwili hayaaminiki. Tafuta giadia, kriptosporidia na kampilobakta." Kwa kinyama, iongezwe: "Tazama chembe za plazma." Kama ameshaanza dripu, tarehe ya chupa ya mwisho iwekwe. Daktari akisahau, mzazi amkumbushe. Sisi dirishani tunasoma kilichoandikwa.

Yule mama alileta kikopo cha kwanza Jumatatu, hakikuwa na kitu. Cha Jumatano kilichelewa kwenye foleni ya daladala, nikamwomba asihesabu. Ijumaa alikuja na mtoto mwenyewe, akajisaidia chooni kwetu, na dakika kumi baadaye nilimwita mama aje aweke jicho kwenye lenzi. Alitazama kwa muda mrefu. "Hivi viwili ni macho?" akauliza.